Kumchagulia Mtoto Rili Yake ya Kwanza

Somo letu la leo ni juu ya kununua kitu. Si kitu kikubwa, lakini mtu aweza kutoa fedha zake nyingi akarudi nyumbani na kitu cha kumliza mtoto. Kitu chenyewe ni rili ya kuvulia samaki.

Somo hili lawafaa hasa ndugu zetu waliohamia Marekani, katika jimbo la Kentucky. Huko, katika miji ya Louisville na Lexington, wako watu wengi wasemao Kiswahili, na wengi wao wametoka Kongo. Watoto wao huenda shule, huona wenzao wakivua samaki siku za mapumziko, nao hurudi nyumbani wakisema, "Baba, nataka rili kama ile." Wewe mzazi, labda ulizaliwa Uvira au Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, ukavua kwa mshipi wa mkono. Mtoto anapotaja rili huenda ukaona kwamba hapo huna la kumfundisha. Endelea kusoma, utaona kwamba unalo.

Rili ni chombo kidogo kifungwacho juu ya ufito wa kuvulia. Ndani yake mna gurudumu lililokunjiwa mshipi, na ubavuni pana kishikio cha kuzungusha. Ziko namna nyingi, lakini kwa somo hili tutazame mbili tu. Katika namna ya kwanza, unaporusha chambo, gurudumu halizunguki; mshipi huchomoka wenyewe, pete baada ya pete. Hiyo ni nyepesi kujifunza. Katika namna ya pili gurudumu lenyewe huzunguka mbio, mshipi ukitoka kama uzi kwenye kigurudumu cha cherehani. Hii ya pili ndiyo watoto waitamaniyo, maana ndiyo waionayo mikononi mwa wavuvi hodari. Nayo ndiyo yenye matata.

Matata yake ni haya. Chambo kikirushwa, huenda kwa kasi, kisha hupunguza mwendo hewani, na kikifika majini husimama. Lakini gurudumu halina habari. Laendelea kuzunguka kwa nguvu ile ile ya kwanza, likitoa mshipi usio na mahali pa kwenda. Mshipi huo hufura ndani ya rili, hujikunja na kuzongana. Wamarekani huuita mzongano huo kiota cha ndege, na ukiuona utakubali kwamba hawakukosea.

Dawa ya jambo hili ni kidole gumba. Mvuvi huweka gumba lake juu ya gurudumu, akiligusa kidogo tu wakati mshipi unapotoka, kisha akilibana chambo kinapokaribia maji. Sasa, mzazi, kumbuka ulivyoshusha mshipi wa mkono ziwani, ukiuacha upite katikati ya vidole, ukijua kwa ngozi yako lini chubwi limefika chini. Ujuzi wa gumba ni ndugu wa ujuzi huo. Mtoto wako hatauona katika picha za matangazo, atauona kwako.

Yafaa pia tujue kwamba rili za namna hii zina uhusiano mkubwa na Kentucky yenyewe. Rili za meno zilikuwako Uingereza tangu zamani, lakini katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19 fundi wa saa aitwaye George Snyder, wa mji mdogo wa Paris karibu na Lexington, alianza kuunda rili zake kwa ustadi wa kazi ya saa. Kishikio kikizunguka mara moja, gurudumu lilizunguka mara kadhaa. Baadaye Jonathan Meek na ndugu yake Benjamin, nao mafundi wa saa, waliendeleza kazi hiyo katika mji wa Frankfort, jimbo hilo hilo. Basi mtoto wa Kikongo anayevua huko Lexington ashika chombo kilicholelewa kwa jirani.

Twende dukani sasa, na mtoto twende naye. Usinunue rili bila mtoto, kama vile usivyomnunulia viatu bila miguu yake.

Kwanza tazama mkono wake. Rili ifungwe kwenye ufito, mtoto ashike kama anayetaka kurusha. Je, gumba lake lafika juu ya gurudumu, na laweza kubonyeza kitufe kilicho nyuma ya gurudumu, bila yeye kugeuza kiganja? Kama halifiki, hata rili iwe nzuri namna gani, si yake bado. Mimi naona mtoto wa miaka 9 au 10 aweza kuanza. Wako wa miaka 8 wawezao na wa miaka 12 wasioweza. Umri si kitu, kiganja na subira ndivyo vipimo. Kwa mtoto mdogo zaidi iko rili iliyofunikwa, yenye kitufe kimoja tu cha kubonyeza. Rili ya namna hiyo ilianza kutengenezwa mwaka 1949 huko Tulsa, Oklahoma, na kampuni ambayo kabla yake ilikuwa ikitengeneza mabomu ya kupasulia visima vya mafuta. Jina lake ni Zebco, na bado zinauzwa. Si aibu kuanzia hapo.

Chagua rili fupi iliyobonyea, ikaayo ndani ya kiganja. Zile za duara, ndefu juu ya ufito, ni imara lakini ni nzito kwa mtoto; baada ya nusu saa mkono hulegea, na gumba hulegea pamoja nao.

La pili ni breki, na hapa nawaomba mwende polepole, maana hapa ndipo fedha hupotea. Rili za bei ya chini sana mara nyingi zina breki dhaifu. Mtu mzima mwenye gumba la kazi aweza kuzitumia. Mtoto atazongana nazo kila mara arushapo, mwisho ataitupa rili kitandani na kusema hapendi kuvua. Afadhali kungoja miezi miwili ukaongeza fedha kidogo.

Breki ziko namna mbili. Ya kwanza ina vipande vidogo ndani ya gurudumu. Gurudumu likizunguka mbio, vipande hivyo husukumwa nje vikasugua ukingo. Ni breki nzuri, lakini katika rili nyingi sharti ufungue ubavu ili uitengeneze, na vipande vidogo pamoja na mtoto kando ya maji havipatani. Ya pili hutumia sumaku. Gurudumu ni la aluminiamu, ambayo haivutwi na sumaku ikitulia. Lakini ikizunguka mbio karibu na sumaku, huzuiwa, na kadiri izungukavyo mbio ndivyo izuiwavyo zaidi. Hakuna kitu kinachogusana. Breki hii huongezwa na kupunguzwa kwa kigurudumu kidogo kilicho nje, chenye tarakimu. Kwa mtoto, nunua hii ya sumaku. Siku ya kwanza iweke kwenye tarakimu ya juu kabisa. Hatarusha mbali, lakini mshipi hautazongana sana, naye atafurahi.

Sasa tusome maandishi ya sanduku. Tazama herufi. Ukiona L, maana yake kishikio kiko upande wa kushoto. Ukiona R, kiko kulia. Rili hizi haziwezi kugeuzwa baadaye, kwa hiyo muulize mtoto dukani apenda kuzungusha kwa mkono upi.

Tena utaona tarakimu kama hizi: 6.3:1. Soma, sita nukta tatu kwa moja. Maana yake, kishikio kikizunguka mara 1, gurudumu huzunguka mara 6 na zaidi kidogo. Kwa mtoto, 5 au 6 zatosha. Ya 8 huvuta chambo mbio kuliko akili yake.

Juu ya ufito na mshipi utaona herufi oz na lb. Ya kwanza ni wakia, kama gramu 28. Ya pili ni ratili, kama gramu 454. Mshipi uwe wa nailoni ya kawaida, wa ratili 12 au 14. Mwembamba sana huzongana vibaya. Usijaze gurudumu mpaka ukingoni. Acha nafasi kama milimita 3. Chambo au chubwi liwe la wakia 3/8 au nusu wakia; kitu chepesi mno hakina nguvu ya kulizungusha gurudumu. Ufito uwe wa futi 6 hivi, wenye kikulabu chini cha kutegemeza kidole, mfano wa kifyatulio cha bunduki.

Mkifika nyumbani, msiende ziwani kwanza. Nendeni penye majani, mfunge chubwi bila ndoana. Kando ya kishikio pana kifundo kidogo cha kukaza gurudumu. Kikaze, inua ufito, bonyeza kitufe, kisha kilegeze kidogo kidogo mpaka chubwi lishuke taratibu. Likigusa chini, gurudumu lisimame lenyewe. Hapo pametosha. Kisha fanyeni hila moja: mtoto akijua arusha mbali kiasi gani, vuteni mshipi wa urefu huo na zaidi kidogo, mbandike kipande cha utepe wa gundi juu ya mshipi uliobaki, mkunje tena. Sasa mshipi hauwezi kuzongana kupita hapo. Na kabla ya kila kurusha, mtoto atazame nyuma yake nani amesimama.

Mzongano ukitokea, usikimbilie mkasi. Bana gurudumu kwa gumba, zungusha kishikio mara tatu au nne, achilia, kisha vuta mshipi taratibu. Mara nyingi hufunguka. Ukikataa, rudia.

Huko Kentucky mtoto ambaye hajatimiza miaka 16 hahitaji leseni ya kuvua. Mzazi, wewe kwa kawaida wahitaji, ukishika ufito nawe ukavua. Ikate kabla ya siku ya safari.

Mwalimu, andika ubaoni maneno haya, wanafunzi wayasome kwa sauti: rili, gurudumu, kishikio, breki, sumaku, chubwi, wakia, ratili. Kisha wafanye hesabu hii: katika rili ya 6:1, kishikio kikizungushwa mara 10, gurudumu huzunguka mara ngapi?