Sauti, Kitu na Neno: Kwa Mlezi wa Mtoto Asiyesoma

Leo nazungumza na mama au mlezi ambaye mtoto wake ana ulemavu wa akili, na ambaye huenda amekwisha kuambiwa, "Huyu hatasoma kamwe."

Mwaka 1971 mtafiti wa Marekani, Murray Sidman, alichapisha habari za kijana wa miaka 17 mwenye ulemavu mkubwa wa akili. Alipotajiwa kitu, kijana huyu aliweza kuonyesha picha yake, na alipoonyeshwa picha aliitaja. Kusoma hakuweza. Akafundishwa jambo moja tu: akisikia neno, achague maandishi yake. Maneno yalikuwa 20. Baadaye akapewa picha na maandishi, bila mtu kumtamkia lolote. Akayalinganisha! Tena akayasoma kwa sauti. Hayo mawili hakuna aliyemfundisha. Sauti aliyokuwa akiijua ndiyo iliyounganisha picha na maandishi.

Basi, mama, anza na kile mtoto anachokijua. Ukisema "kikombe" naye akakichukua, umepata pa kuanzia. Andika KIKOMBE, KIATU na NDOO kwenye vipande vya karatasi ngumu, hata vya boksi la sabuni. Vipange mbele yake useme, "Nionyeshe kikombe." Akipata, msifu pale pale. Akikosea, mwonyeshe kilicho sahihi bila kumfokea, kisha rudieni. Dakika chache kwa siku zatosha. Mtoto mwenye njaa au usingizi mwache.

Hapa pana mtego, na wengi hunaswa. Ukiweka KIKOMBE upande wa kushoto kila siku, mtoto atajifunza kushoto, si kusoma. Kadi ikiwa na doa la chai, huenda anafuata doa. Wengine, wajanja kweli, hufuata macho ya mama! Nawe utashangilia bure. Kwa hiyo badilisha nafasi kila mara, kadi iliyochafuka iandike upya, na macho yako yatazame uso wake.

Akishazijua kadi, panga vitu vyenyewe mbele yake, mpe kadi moja, unyamaze. Akiiweka ya KIATU juu ya kiatu, neno hilo amelielewa, hata kama hawezi kulitamka. Ongeza jingine.

Lakini kama hageuki hata ukimwita kutoka nyuma, mpeleke kwanza hospitali akapimwe masikio. Uliza pia kituo cha EARC kilicho karibu nawe. Huko watoto hufanyiwa tathmini, na mzazi huelezwa shule inayomfaa mwanawe.