Volkano Katikati ya Ziwa Turkana

Vijana wetu wa Kisii na Nyamira waliozoea kukwea vilima vya Manga sasa wanachangishana nauli waende Kisiwa cha Kati, Ziwa Turkana. Vizuri, ila Manga haifuki moshi. Kisiwa hicho, mbuga ya taifa tangu 1983, ni volkano hai: mvuke wenye salfa bado hutoka miambani. Mkisikia harufu ya yai viza, msiteremke shimoni kuchungulia. Gesi yenye harufu hiyo ni nzito kuliko hewa, hutuama chini, na ikizidi huipumbaza pua. Harufu ikipotea ghafla, msidhani mmepona. Pandeni juu, upande upepo unakotokea.

Kisiwani kuna maziwa matatu ya kreta. Moja linaitwa Ziwa la Mamba, na jina hilo si pambo.

Kinachonitia hofu zaidi, lakini, ni mashua. Upepo wa Turkana huinua mawimbi ghafla. Kila mmoja avae jaketi la kuokolea, hata bingwa wa kuogelea, na nahodha akisema leo hatuvuki, msimbembeleze kwa pesa. Maji ya kunywa bebeni mengi: ya ziwani yana magadi, na joto la huko silo la Nyamira. Kabla ya safari, wasilianeni na Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS).