Silaha za Kuazima, Ardhi ya Wenyewe: Vita vya Ukraine Vikitazamwa Kutoka Ruvuma

Mhadhara wa umma uliotolewa Namasakata, mkoa wa Ruvuma



 

Vita vya Urusi na Ukraine vinapiganwa mbali na hapa, lakini swali lililomo ndani yake si geni katika mkoa huu. Taifa likivamiwa na halina silaha za kutosha, je, lina haki ya kuzipokea kutoka kwa wageni? Na huyo mgeni akizitoa, anamtolea nani? Kwa miaka kumi, tangu Septemba 25, 1964 FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilipoanza vita dhidi ya Wareno hadi Mkataba wa Lusaka wa Septemba 7, 1974, watu wa mpaka wa Ruvuma waliishi na swali hilo mlangoni mwao.

Hoja yangu leo ni moja. Silaha ya msaada isihukumiwe kwa bendera ya aliyeitoa. Ihukumiwe kwa maswali matatu: ardhi inayopiganiwa ni ya nani, nani ana kauli ya mwisho juu ya vita hivyo, na nani atabaki na silaha hizo vita vikiisha. Kipimo hicho tulikitumia kwa Msumbiji. Haki inatutaka tukitumie pia kwa Ukraine.

Haki isiyo na silaha

Mkoa huu unajua kinachowapata wenye haki wasipokuwa na wa kuwapa silaha. Katika Vita vya Majimaji, mwaka 1905 hadi 1907, babu zetu waliikabili bunduki ya rashasha ya Mjerumani kwa mikuki, magobori na dawa ya maji. Februari 27, 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa mjini Songea. Kisha wakoloni wakachoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Madai ya babu zetu yalikuwa halali. Lakini hakuna aliyewaletea hata sanduku moja la risasi.

Kizazi kilichofuata kiliazimia yasijirudie. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam Juni 25, 1962. Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliiweka Kamati yake ya Ukombozi katika jiji hilohilo. Wapiganaji walipata mafunzo Kongwa, kisha Nachingwea, ambako walifika wakufunzi kutoka China. Silaha za Kisovieti na za Kichina zilishushwa bandarini, zikapitia mikononi mwa Tanzania, zikaelekea kusini. Majeruhi walitibiwa katika hospitali ya FRELIMO mjini Mtwara. Watoto wa Msumbiji walisoma Tunduru. Wakimbizi walipewa ardhi Muhukuru, Lundo na Mputa, humuhumu Ruvuma.

Ureno nayo ilikuwa na wa kuisaidia. Ilikuwa mwanachama mwanzilishi wa NATO tangu 1949, na ndege za kivita aina ya Fiat G.91 zilizoshambulia Msumbiji ilikuwa imezinunua kutoka Ujerumani Magharibi. Kwa hiyo mzee wa Ruvuma anaposikia leo kwamba NATO inatetea uhuru wa mataifa, ana sababu ya kukunja uso. Sitamwomba asahau. Namwomba akumbuke na upande wa pili.

Upande huo ni huu. Tunazoea kusema Warusi walitusaidia kuikomboa Afrika. Waliosaidia ni Umoja wa Kisovieti, uliokuwa na jamhuri 15, na Ukraine ilikuwa mojawapo. Wapiganaji wa vyama vya ukombozi vya Afrika walifundishwa vita katika kituo cha Perevalne, katika rasi ya Crimea, iliyokuwa sehemu ya Jamhuri ya Ukraine tangu 1954. Wengine walisomea Odessa. Crimea ndiyo ardhi ambayo Urusi iliitwaa mwaka 2014; Odessa ndio mji unaopigwa kwa makombora na droni. Tukisema tuna deni la shukrani, basi deni hilo lina wadai wawili, na mmoja wao ndiye aliyevamiwa.

Ardhi ni ya nani?

Mwaka 1994, huko Budapest, Ukraine ilikubali kuachana na silaha za nyuklia zilizobaki kwake baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika. Urusi, Marekani na Uingereza zilitia saini ahadi ya kuheshimu mipaka yake. Februari 24, 2022 majeshi ya Urusi yaliivuka mipaka hiyo kwa uvamizi mkubwa. Miezi michache kabla, Julai 2021, Rais Putin alikuwa ameandika kwamba Warusi na Waukraine ni watu wamoja.

Hoja hiyo tuipime hapa tulipo. Wayao wako Tunduru, wako Niassa ng'ambo ya mto, wako Malawi. Wamakua na Wamakonde nao wako pande zote mbili za Ruvuma. Mpaka huu ulikubaliwa na Wajerumani na Wareno mwaka 1886 bila kumuuliza mzee hata mmoja. Kama undugu wa lugha na damu ungekuwa ruhusa ya kutuma vifaru, mto huu usingekauka damu. Ndiyo maana mwaka 1964 mjini Cairo, kwa pendekezo la Mwalimu Nyerere, wakuu wa nchi za Afrika waliamua kuheshimu mipaka waliyoirithi wakati wa uhuru. Usiku wa Februari 21, 2022 balozi wa Kenya katika Umoja wa Mataifa, Martin Kimani, alilikumbusha Baraza la Usalama jambo hilo: Afrika nayo ina ndugu waliotengwa na mipaka, lakini ilichagua kutoifukua.

Wapo wanaosema Urusi ilichokozwa na kupanuka kwa NATO kuelekea mashariki. Malalamiko hayo nayachukua kwa uzito. Lakini Idi Amin wa Uganda naye alikuwa na malalamiko ya kweli: Septemba 1972 Waganda waliokuwa uhamishoni walitokea Tanzania wakaishambulia Uganda. Je, hilo lilimpa haki ya kutangaza, Novemba 1978, kwamba Kagera ni yake? Hatukukubali. Libya ilimletea Amin askari na silaha, na wenzetu wengi Afrika wakatutaka tukae mezani bila kumlaani mvamizi. Mwalimu alikataa kumweka aliyevamia na aliyevamiwa katika mizani moja. Jeshi letu likaingia Kampala Aprili 11, 1979.

Kuna methali tunayoikimbilia kila vita hivi vikitajwa: wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Ina ukweli wake, nami nitaufikia. Lakini inaficha kitu kimoja kikubwa: mmoja wa fahali hao amevunja ua akaingia katika zizi la mwenzake.

Nani ana kauli?

Swali la pili linawahusu watoaji. Nchi za Magharibi zimeipa Ukraine makombora ya kuangamiza vifaru, mitambo ya roketi ya HIMARS mwaka 2022, vifaru vya Leopard na mitambo ya Patriot mwaka 2023, na ndege za F-16 mwaka 2024. Bila silaha hizo, kuilinda nchi kungekuwa kugumu mno. Lakini kila silaha ilikuja na masharti: ipige wapi, isivuke wapi, itumike lini. Fungu la Marekani la takriban dola bilioni 61 lilikwama kwa miezi mingi katika siasa za Washington hadi Aprili 2024. Mapema Machi 2025, baada ya marais wa Marekani na Ukraine kugombana hadharani, Marekani ilisitisha silaha na taarifa za kijasusi kwa siku kadhaa. Waliolala mahandakini ndio waliobeba gharama ya ugomvi ule.

Tanzania iliyapitia haya. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu tuliruhusu Ujerumani Mashariki kufungua ubalozi mdogo Dar es Salaam. Mwalimu aliwaambia waondoke na misaada yao mingine pia. FRELIMO nayo ilipokea silaha kutoka Moscow na Beijing wakati miji hiyo miwili ikitukanana, ikakataa kuwa askari wa yeyote kati yao. Fundisho ni hili: anayepokea silaha za mkopo hana budi kuwa na wakopeshaji zaidi ya mmoja, na neno la lini vita viishe libaki kwa wenye ardhi. Amani itakayokatwa Washington na Moscow, Kyiv ikiwa haipo mezani, itakuwa Mkutano wa Berlin wa 1884 kwa mara nyingine.

Vita vikiisha

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote. Uhuru wa Msumbiji ulipatikana Juni 25, 1975, lakini bunduki hazikurudi maghalani. Vita vya FRELIMO na waasi wa RENAMO viliendelea hadi mkataba wa Roma wa Oktoba 4, 1992, na nchi ilitangazwa kuwa haina tena mabomu ya ardhini yanayojulikana mwaka 2015. Miaka 23 baada ya amani, watu walikuwa bado wakitegua mabomu mashambani. Tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, inawaka tena kwa vita, na Oktoba 2020 moto huo ulivuka mto hadi Kitaya, mkoani Mtwara.

Kwa hiyo siungi mkono kila silaha. Julai 2023 Marekani iliamua kuipa Ukraine mabomu ya mtawanyiko, aina ambayo Urusi ilikuwa ikiitumia tangu mwanzo wa uvamizi. Vibomu visivyolipuka hubaki ardhini vikingoja jembe la mkulima au mguu wa mtoto. Haki ya kujitetea haimpi mtu ruhusa ya kuwategea wajukuu zake mwenyewe.

Na hapa ndipo nyasi za ile methali zinapoumia. Vita vilipopandisha bei ya mbolea, mfuko wa kilo 50 wa urea au DAP ulipita shilingi 120,000, na mkulima wa mahindi wa Ruvuma akapunguza shamba. Agosti 2022 serikali ilizindua ruzuku iliyoshusha bei hadi shilingi 70,000. Januari 2023 tulitangaziwa kifo cha kijana wetu aliyekwenda Urusi kusoma, akafungwa, akaahidiwa msamaha endapo atajiunga na kundi la mamluki la Wagner, akafia Ukraine. Vijana mlio hapa, ofa ya kazi au masomo ikija na haraka na usiri, ipelekeni kwanza kwa wazazi na kwa mamlaka.

Wajibu wetu

Machi 2, 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliulaani uvamizi kwa kura 141 dhidi ya 5. Nchi 35 hazikuegemea upande wowote, Tanzania ikiwemo, pamoja na Uganda, Burundi na Msumbiji. Kenya, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ziliunga mkono azimio. Naheshimu sera ya kutofungamana. Ndiyo iliyotuwezesha kupokea mkono wa kila rafiki bila kuwa mali ya mtu. Lakini Mwalimu, mwasisi wa sera hiyo, ndiye aliyelalamika mwaka 1978 pale Afrika ilipomtazama mvamizi kimya. Kutofungamana ni kukataa kuingia kambi ya mtu. Hakujawahi kutukataza kusema nani amevunja mpaka wa nani.

Natamani Tanzania iseme mambo matatu kwa sauti moja: kwamba mipaka ya Ukraine iheshimiwe, kwamba Waukraine wana haki ya kuazima silaha za kujitetea, nao ndio wenye kauli juu ya amani yao, na kwamba sheria hiyohiyo iwabane wakubwa wa Magharibi, iwe Iraq iliyovamiwa mwaka 2003, iwe popote kwingine. Nchi iliyofungua mpaka huu wa Ruvuma ili silaha ziwafikie wanyonge ina haki, kuliko nyingi duniani, ya kusimama mbele ya Moscow na mbele ya Washington na kusema kwamba ardhi ya watu haichukuliwi kwa mtutu wa bunduki.