Uvimbe wa Ini: Kompyuta Husaidia, Daktari Huamua

Si kila uvimbe kwenye ini ni saratani. Kabla ya picha za CT, mgonjwa hudungwa dawa ya kung'arisha mishipa. Saratani inayoanzia kwenye ini aghalabu hung'aa haraka, kisha hufifia. Uvimbe wa mishipa ya damu usio na madhara hujaa polepole kuanzia pembeni. Kompyuta iliyofunzwa kwa picha nyingi husaidia kutofautisha, ingawa huweza kukosea. Daktari ndiye huamua.

Lakini kompyuta haimwoni asiyekuja hospitalini. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuleta saratani hiyo kimyakimya. Watoto nchini walianza kuchanjwa mwaka 2001. Aliyezaliwa kabla ya hapo aulize kituo cha afya kuhusu kupimwa.