Mcheza Kwao Hutunzwa



Tarehe 10 Aprili, 2012, maelfu ya wananchi walifurika katika viwanja vya Leaders, Kinondoni, Dar es Salaam, kumuaga mwigizaji Steven Kanumba, aliyefariki dunia tarehe 7 mwezi huo akiwa na umri wa miaka 28. Makamu wa Rais, Dk. Mohamed Gharib Bilal, alikuwa miongoni mwa waombolezaji. Yafaa basi kujiuliza: umaarufu huo ulitoka wapi, na msanii hunufaika nao kwa kiasi gani?

Kanumba alikuwa mtoto wa Kanda hii ya Ziwa. Alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari, 1984. Sanaa aliinolea Dar es Salaam katika kikundi cha Kaole, ambacho michezo yake ilionyeshwa na televisheni ya ITV. Mwaka 2006 aliigiza katika Dar 2 Lagos, filamu iliyowakutanisha wasanii wa Tanzania na wa Nigeria. Na mwaka 2011 akaigiza pamoja na Ramsey Nouah wa Nigeria katika Devil Kingdom.

Umaarufu wake haukujengwa na majumba makubwa ya sinema. Filamu zake ziliwafikia wananchi kwa njia ya santuri za video zilizouzwa vibandani na katika vituo vya mabasi, na kuonyeshwa katika mabanda ya video kwa kiingilio kidogo. Watazamaji waliozoea filamu za Kihindi, za Hong Kong na za Nigeria, ambazo mara nyingi zilihitaji mkalimani, sasa waliona ndoa, mirathi, uchawi na tofauti ya tajiri na maskini vikielezwa kwa Kiswahili. Walijiona wenyewe.

Lakini santuri hiyo hiyo iliyomtangaza msanii ndiyo iliyomnyonya. Wasanii wengi waliuza haki ya filamu kwa msambazaji mara moja tu, kwa malipo ya mkupuo, na nakala za wizi zikazagaa mitaani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuwapo tangu mwaka 1999. Stempu za kodi juu ya kazi za filamu na muziki zilianza mwaka 2013, Kanumba akiwa tayari kaburini.

Ni dhahiri kwamba sheria peke yake haitoshi. Mwalimu anayemkanya mwanafunzi asinakili jibu la mwenzake hana budi kukataa filamu ya wizi, hata inapotumwa bure kwa simu. Na mtumishi aliyekabidhiwa dhamana ya kusimamia sheria asipite mbele ya kibanda cha nakala hizo kana kwamba hakuona kitu.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Katika ngoma, mchezaji hutunzwa angali uwanjani. Kujaa msibani ni heshima kubwa, lakini hakulipi jasho la msanii.