Koo la Mtoto na Mlango wa Moyo

Leo tunazungumza juu ya valvu za moyo.

Valvu ni kama mlango unaofunguka upande mmoja tu. Damu ikitoka moyoni hupitia mlango mmoja na kuingia aota, mshipa mkubwa kuliko yote mwilini. Mlango huo ukikaza, damu hupita kwa kishindo. Usipofunga vizuri, damu hurudi nyuma, na moyo huchoka.

Mlango huharibikaje? Wengine huzaliwa na valvu yenye vipande viwili badala ya vitatu. Lakini kwetu, mara nyingi mambo huanzia kooni. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 huumwa koo, hatibiwi, na baada ya wiki 2 au 3 hupata homa na viungo kuvimba. Hiyo ni homa ya baridi yabisi, nayo huweza kuharibu valvu.

Hospitalini, kipimo cha kwanza cha moyo ni eko, yaani ultrasaundi. Wakati mwingine daktari huagiza MRI. Mnaujua mto Kuja: maji yakibanwa hupita kwa nguvu na kula ukingo. MRI humwonyesha daktari kama damu nayo inazunguka na kugonga ukuta wa aota, ni kiasi gani kinarudi, na kama mshipa umepanuka.

Mama, usiiogope mashine hiyo. Hutumia sumaku, si eksirei. Ina kelele nyingi lakini haiumizi; mtoto hutakiwa kutulia tu. Mvue vitu vya chuma, na mwambie mhudumu kama ana valvu ya bandia au kifaa chochote mwilini.

Kumbuka mambo matatu. Mtoto akiumwa koo, mpeleke kituo cha afya. Akiandikiwa sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4, usiiruke hata akionekana mzima. Akihema akicheza, akizimia au akivimba miguu, usingoje. Upasuaji wa valvu hufanywa hapa Kenya, kama vile Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, na Tenwek, Bomet, lakini sindano ni rahisi zaidi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwaherini, hadi kipindi kijacho.