Masharti ya Wahisani na Komeo la Ndani



Juma lililopita nilikuwa Kishanda, wilayani Muleba. Mbele ya ghala la chama cha msingi wazee walikuwa wakibishana juu ya bei ya kahawa. Mmoja akakata shauri: "Haya yote ni masharti ya wazungu." Wenzake wakaitikia. Nilinyamaza, maana mgeni hakatizi maongezi ya wazee, lakini jibu ninalo.

Masharti yapo, hilo halina ubishi. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ambavyo huku tulivijua tangu daraja la Kyaka lilipolipuliwa, viliikausha hazina ya taifa. Serikali ikabisha hodi kwa Shirika la Fedha la Kimataifa. Shirika likataka shilingi ishushwe thamani na matumizi yabanwe. Mwalimu Nyerere akakataa. Waziri wake wa Fedha, Edwin Mtei, aliyeona heri tukubali, akajiuzulu mwaka 1979. Kumbe mvutano ulikuwa pia ndani ya Serikali yetu wenyewe! Na bajeti ya Juni 1984, iliyoshusha shilingi na kuondoa ruzuku ya sembe, aliisoma Waziri Cleopa Msuya, miaka miwili kabla ya mkataba na Shirika kutiwa saini mwaka 1986, wakati wa Rais Mwinyi. Wahisani husukuma mlango, lakini mara nyingi yupo mtu ndani aliyekwisha kulegeza komeo.

Tuje kwenye kahawa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa, na BCU yetu ikaenda na maji. Hakuna mhisani aliyetulazimisha. Ushirika ukarudishwa katika miaka ya themanini. Msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa, na hapo mkono wa wahisani ulionekana wazi. Mwaka 2018 wanunuzi hao wakazuiwa, kahawa ikarudi kwenye vyama. Hilo nalo tuliamua wenyewe.

Mkulima wa Kishanda alizipata habari hizo redioni, kutoka kwetu sisi, mambo yakiwa yamekwisha. Na katika nyakati zote hizo butura haikukoma: mwenye ada ya mtoto au mgonjwa nyumbani huuza kahawa ingali mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu hawezi kungoja malipo.

Nilipoaga, yule mzee wa masharti alinisindikiza hadi barabarani. Akaniuliza watakapokaa tena kupanga mambo ya kahawa kikao kitakuwa wapi, ili apeleke swali lake mapema.